Natumia dawa za kliniki na miti shamba: nimwambie daktari?

Mimi ni nesi, nipo kliniki ya kisukari na presha. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa kwenye benchi, mengi kwa kunong'onezwa, mtu akishatoka kwa daktari.

Nesi, kwa nini watu wana dawa za hospitali na bado wanakwenda kwa tabibu wa tiba asili?

Wengi hawajaikimbia hospitali. Asubuhi anameza metformini, kidonge cha kisukari, jioni anakunywa mlonge. Ukimuuliza taratibu atakwambia, "Dawa mnanipa, lakini hamniambii nitapona lini." Hapo ndipo penye ugumu. Malaria unameza siku tatu, unainuka. Kisukari na presha havina siku ya kupona, vinadhibitiwa tu, na mtu akisikia atameza vidonge maisha yote anaona dawa hazifanyi kazi.

Halafu fikiria siku yake ya kliniki. Amefika saa 12 asubuhi, ameingia kwa daktari saa 6 mchana, ameongea naye dakika tano, na daktari muda wote anaandika. Kwa tabibu anakaa nusu saa, anaulizwa usingizi, watoto, hata ndoa. Sitetei kila kinachochemshwa, ila kwenye kusikiliza wametuacha mbali.

Si ni watu wasiosoma tu wanaofanya hivyo?

Umesahau Loliondo? Mwaka 2011, huko Loliondo, kijijini Samunge, mchungaji mstaafu wa Kilutheri Ambilikile Mwasapila aligawa kikombe cha dawa ya miti shamba kwa shilingi 500, akisema kinatibu Ukimwi, kisukari, hata saratani. Foleni ya magari ilikwenda kilomita na kilomita, na waliokuwamo hawakuwa wanakijiji tu, wasomi na viongozi nao walipanga mstari. Ugonjwa usioisha hauangalii cheti. Kilichotuumiza sisi wa kliniki ni wale waliorudi na kikombe tumboni wakaacha vidonge.

Miti shamba inafanya kazi kweli, au ni imani?

Mingine inafanya. Karela, lile tunda chungu la kijani, huweza kushusha sukari, na maji ya rosela (wengine mnaita choya) hushusha presha kidogo. Hata metformini ilitokana na utafiti ulioanzia kwenye mmea wa Ulaya, Galega officinalis, na daktari Mfaransa Jean Sterne alitangaza matumizi yake kwa wagonjwa wa kisukari mwaka 1957. Tofauti ni kipimo. Kidonge cha miligramu 500 ni kile kile leo na kesho. Kikombe chako kinategemea konzi ya aliyechemsha. Kwa hiyo ule msemo wa "ni ya asili, haina madhara" sikubaliani nao: kama ina nguvu ya kushusha sukari, inaweza pia kuishusha kupita kiasi.

Nikichanganya nitapata nini?

Mama mmoja aliletwa na binti yake, khanga imelowa jasho, mikono inatetemeka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Sukari 2.4, na sisi chini ya 4 tunaanza kukimbia. Tukamwekea dripu ya glukosi. Alikuwa amemeza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, akashushia na juisi ya karela, na chai hakunywa. Binti akatoa chupa ya maji ya nusu lita kwenye mkoba, ndani rangi ya kijani iliyokolea. Nikamuuliza mama, sasa ameshazinduka, mbona hakusema. "Mwaka jana nilisema, nikafokewa mbele za watu." Sikuwa na jibu.

Mengine ya kujihadhari: juisi ya balungi huongeza nguvu ya nifedipini, dawa ya presha, na presha ikashuka kuliko ilivyokusudiwa. Kitunguu saumu na tangawizi kwenye mchuzi havina neno, lakini ukivitumia kwa wingi kama dawa huku unameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, unaweza kutokwa damu. Mwenye figo zilizochoka asinywe miti shamba yoyote kabla ya kuuliza.

Sasa nimwambieje daktari bila kugombezwa?

Njoo na chupa yenyewe au pakiti. Sema, "Daktari, vidonge naendelea navyo, ila na hii nakunywa kikombe kimoja kila jioni." Ukiona uso umekunjamana, nifuate mimi au mfamasia, tutaandika kwenye daftari lako. Tabibu naye mwambie unameza nini, na muulize kama amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2002. Akikwambia acha insulini, chukua mkoba wako uondoke. Mwenye kisukari aina ya kwanza akiiacha, siku chache tu zinatosha kumuua.

Sukari yangu imeshuka tangu nianze miti shamba. Niache vidonge?

Hapana. Imeshuka ukiwa unatumia vyote viwili, utajuaje ni kipi kimeishusha? Omba kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, siyo ya asubuhi ile uliyofunga. Kikiwa kizuri, daktari ndiye atakayepunguza vidonge kidogo kidogo, na wewe utapima nyumbani na kuandika kila namba, hata zile zisizokufurahisha.