Ukuta mwembamba nao hubeba

Wanaotaka kugeuza jengo la zamani liwe nyumba moja iliyo wazi, sebule na jiko pamoja, mwanga ufike hadi ndani, huniuliza lile lile: "Fundi, huu ukuta mwembamba, ukiugonga unalia wazi, si tuubomoe tu?" Jamani, hapana! Mlio na unene havikuambii ukuta umebeba nini.

Chukua ukuta wa mbao na lipu uliowekwa kugawa vyumba tu. Siku unajengwa haukubeba kitu. Lakini boriti za mbao za sakafu ya juu zikikaa na mzigo miaka mingi hupinda taratibu, na hazirudi. Zikishuka sentimita moja au mbili zinaufikia ule ukuta, na tangu hapo zinauegemea. Kwenye ramani bado ni kigawanyio. Ndani ya jengo umeshakuwa tegemeo. Uondoe ghafla uone: milango ya juu inakwama, dari inachanika.

Kwa hiyo mimi hufungua dari kando ya ukuta na kuingiza tochi. Boriti zimelala upande gani? Kuna mwanya kati yake na kichwa cha ukuta, hata wa kupitisha karatasi? Nikikuta boriti mbili fupi zimekutanishwa juu yake, mjadala umekwisha, ukuta huo unabeba tangu mwanzo. Yasipokuwa hayo, nabaki na shaka, na hesabu hazinitoi. Zinanipa uzito wa sakafu nzima, haziniambii ukuta umeshachukua kiasi gani. Ndiyo maana nasimamisha jeki pande zote mbili na kuzikaza polepole kabla nyundo haijagusa kitu.

Kuta za ndani pia huzishika za nje zisiyumbe. Boriti ya chuma inayowekwa badala ya ukuta uliobomolewa, peke yake inabeba kwenda chini tu. Kuzuia msukumo wa pembeni huenda ukahitaji fremu nzima, na nguzo zake.

Sasa huo mwanga unaobomolewa kuta kwa ajili yake. Dirisha la kawaida huangaza vizuri kwa umbali wa kama mara mbili hadi mbili na nusu ya kimo cha linta, ile boriti ya juu ya dirisha, kutoka sakafuni. Linta ikiwa mita 2, ukipita mita 5 ni giza hata ukivunja kila kitu. Ipandishe sentimita 40, unaongeza karibu mita nzima ya mwanga. Kuta nene? Chonga mashavu ya dirisha, yaani kingo za ukuta pembeni mwake, yafunguke kuelekea ndani. Katikati ya jengo pana, toboa paa.

Yapange hayo kwanza, ndipo urudi kwenye ukuta. Mara nyingi utakuta uwazi mpana katikati unatosha, na vipande vilivyobaki pembeni, mhandisi akishavipima, ndivyo vitakavyokalia boriti na kuishika nyumba isiyumbe.