Bado unajitafuta? Dhana potofu kuhusu furaha na maana ya maisha

Muulize kijana wa bodaboda pale stendi ya Moshi habari za maisha, atakujibu bado anajitafuta. Mwalimu aliyebakiza miaka mitano kustaafu anasubiri kiinua mgongo ndipo apumzike. Mama mwenye meza ya ndizi Mbuyuni anasema atatulia mtoto wa mwisho akimaliza chuo. Kila mmoja ana sababu zake, na ni za kweli kabisa. Ila ukiwasikiliza wote kwa pamoja unasikia jambo linalouma: leo haihesabiki. Maisha yenyewe yamewekwa mbele kidogo, na kila ukisogea nayo yanasogea.

Sehemu ya tatizo hili ni umaskini, na umaskini hauondoki kwa maneno. Lakini sehemu nyingine inatokana na mambo tunayoaminishana vijiweni, kwenye semina, kwenye statasi za WhatsApp na wakati mwingine hata madhabahuni. Hizi ndizo dhana ninazozisikia zaidi, pamoja na yale yanayojulikana kuzihusu.

"Nikishapata hela, furaha itakuja yenyewe"

Naanza na hii kwa sababu ndiyo nzito, na kwa sababu ina ukweli ndani yake. Mtu anayedaiwa kodi ya miezi mitatu, huku mtoto amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada, huwezi kumwambia pesa si kitu. Wanaohubiri kwamba pesa haihusiani kabisa na furaha wanakosea vilevile.

Mwaka 2010 Daniel Kahneman na Angus Deaton walichambua majibu zaidi ya 450,000 ya watu wa Marekani. Waliona kwamba hisia njema za kila siku hupanda pamoja na kipato mpaka kufikia kama dola 75,000 kwa mwaka, kisha hutulia hapo. Matokeo hayo yakaenea dunia nzima. Mwaka 2021 Matthew Killingsworth, aliyekuwa akiwauliza watu kupitia simu zao wanajisikiaje papo hapo, akaona kupanda hakuishii pale. Badala ya kurushiana maneno, yeye na Kahneman walikaa meza moja, na 2023 wakatoa jibu la pamoja: kwa watu wengi furaha huendelea kuongezeka kadiri kipato kinavyokua. Kwa lile kundi lenye huzuni kubwa zaidi, pesa husaidia hadi mahali fulani, na baada ya hapo inabaki huzuni ambayo pesa haiifikii, kama ya kufiwa, ya kuvunjwa moyo au ya ugonjwa wa sonona.

Tena nyongeza hiyo huenda kwa uwiano. Laki moja ikiongezwa kwa anayepata laki mbili kwa mwezi, nyumba nzima inajua. Ikiongezwa kwa anayepata milioni tano, hata yeye mwenyewe huenda asiikumbuke mwisho wa mwezi. Kwa hiyo kupambana na ufukara kunaongeza furaha kwelikweli. Kinachodanganya ni ile imani kwamba kuna kiasi fulani ambacho siku ukikifikia utakuwa umefika.

Mwaka 1978 watafiti wa Marekani waliwahoji watu 22 waliokuwa wameshinda bahati nasibu. Ni kundi dogo, kwa hiyo tusilibebeshe mambo mengi, lakini kitu kimoja hakijanitoka kichwani. Washindi hao hawakuwa na furaha ya kuwazidi watu wa kawaida kwa kiwango cha kutajika, na mambo madogo ya kila siku, kama kupata kifungua kinywa au kupiga soga na rafiki, yaliwafurahisha kidogo kuliko yalivyowafurahisha wenzao. Bakuli la mtori wa moto saa moja asubuhi, baridi ya Juni ikiwa imeshuka kutoka mlimani, ni furaha kamili inayojitosheleza. Ukiidharau kwa sababu unangoja kubwa zaidi, hakuna atakayekurudishia.

Na namna ya kutumia hela ina uzito wake. Katika jaribio lililotolewa 2008, watu walipewa dola 5 au dola 20, wengine wakaambiwa wajinunulie kitu, wengine wamnunulie mtu au watoe msaada. Jioni, waliotumia kwa ajili ya wengine walikuwa na furaha zaidi, na kiasi walichopewa hakikuleta tofauti. Tunaoishi kwa michango tunalielewa hili haraka, lakini lazima niseme na upande wa pili. Mchango wa sendoff uliopangiwa na kamati, ukakumbushwa mara nne kwenye grupu jina lako likiwa na sifuri mbele yake, hauleti kitu hicho. Kutoa hufurahisha pale mtu anapotoa kwa hiari yake.

"Kila mtu ana kusudi moja kubwa, na ukilikosa umepotea"

Dhana hii imewatesa vijana wengi wenye akili nzuri. Wameambiwa kuna jambo moja waliloumbiwa, limejificha mahali, na kazi yao ni kuligundua. Hivyo kijana anaanza kujifunza ufundi umeme, unapokuwa mgumu anasema hili si kusudi langu. Anaingia kwenye kuku, wakifa wachache anasema nako siko. Miaka inakwenda.

Mwaka 2018 Paul O'Keefe, Carol Dweck na Greg Walton walichapisha utafiti kuhusu jambo hilihili. Waliona kwamba wanaoamini shauku ni kitu kilichokamilika kinachongoja kugunduliwa huishiwa hamu haraka zaidi mambo yanapokuwa magumu, kwa sababu walitarajia wakishakipata kila kitu kitakuwa rahisi. Wanaoamini kwamba shauku hukuzwa hushikilia zaidi. Kwa maneno mengine, wengi hawalipendi jambo kwanza ndipo wakalifanya. Wanalifanya, wanalizoea, wanalijua, wanaanza kuwa na msaada kwa watu kupitia hilo, na mapenzi yanakua humo humo.

Wala cheo cha kazi hakiamui maana yake. Mwaka 2001 Amy Wrzesniewski na Jane Dutton waliandika kuhusu wasafishaji wa hospitali moja Marekani. Kazi ni ileile, deki na ndoo, lakini baadhi yao walijiona ni sehemu ya uponyaji wa wagonjwa: walizungumza nao, waliangalia nani hana mgeni, walipanga usafi wao kulingana na hali ya wodi.

Sisi hatuhitaji kwenda mbali. Simama asubuhi kwenye geti la Machame uwaangalie wagumu, wale wanaobeba mizigo ya watalii kupanda Kilimanjaro. Mzigo unapandishwa kwenye mzani, maana kikomo ni kilo 20. Anauweka kichwani au shingoni, anamwacha mgeni atangulie, halafu njiani anampita. Mgeni akifika kambini jioni, miguu imekwisha, anakuta hema limesimama na maji ya moto yako tayari. Wagumu wengi hawafiki kileleni, mita 5,895, kwenye safari hiyo. Wanabaki kambini. Lakini wasikilize wakishashuka: "Mgeni wetu alitaka kurudia njiani, tukambembeleza, amefika." Wanasema *wetu*, na wanasema *amefika* kwa sauti ya mtu aliyefika mwenyewe. Hiyo ni maana ya maisha, imepatikana katikati ya wiki, kazini.

Naomba nisieleweke vibaya hapa. Mtu kuona maana katika kazi yake si ruhusa ya kumlipa kidogo. Mgumu anastahili ujira halali, buti nzuri na chakula cha kutosha mlimani, na anayetumia moyo wake wa kujitoa kama kisingizio cha kumpunja anamdhulumu mara mbili.

"Maisha yenye maana hayana shida"

Furaha na maana ni ndugu, lakini si mapacha. Roy Baumeister na wenzake walilichunguza hili mwaka 2013 na kukuta zinaachana mahali pengi. Wasiwasi na msongo vilikwenda pamoja na maana zaidi na furaha kidogo. Mama anayemuuguza mzazi aliyepooza kule Kibosho, anayeamka usiku kumgeuza, huenda hana siku nyingi za raha. Ukimwuliza kama maisha yake yana maana, atashangaa swali limetoka wapi.

Hapa ndipo watu huchanganywa na ile ripoti ya dunia ya furaha, ambayo Finland imekuwa ikiongoza tangu 2018 na Tanzania huwa chini sana. Wengine hukasirika, wengine hucheka: mbona sisi tunacheka kuliko Wazungu? Ni vizuri kujua kinachoulizwa. Mtu anaambiwa afikirie ngazi kuanzia 0 hadi 10, juu kabisa ni maisha bora anayoweza kuyapata, chini ni mabaya kabisa, kisha aseme amesimama wapi. Mtanzania asiye na maji ya uhakika wala bima ya afya akijisogeza chini, amejibu kwa haki. Hakusema maisha yake hayana thamani. Mwaka 2014 Shigehiro Oishi na Ed Diener walichapisha uchambuzi wa nchi 132, na swali lilipokuwa kama maisha yako yana lengo au maana, watu wa nchi maskini ndio walioitikia ndiyo zaidi. Sehemu kubwa ya maelezo ilikuwa dini. Majibu yote mawili ni ya kweli kwa wakati mmoja, na la pili halimpi kiongozi yeyote nafuu ya kutolishughulikia la kwanza.

"Furaha ni ya kukazania"

Kwa ufupi: hapana. Iris Mauss na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba watu wanaoithamini mno furaha na kujipima kila mara hujikuta wamekata tamaa hata pale mambo yanapokuwa mazuri, kwa sababu wanakuta bado hawajafurahi vya kutosha. Shughulika na jambo na watu. Usijipime.

"Ndugu wapo tu, tutaonana Desemba"

Kila Desemba mabasi ya kutoka Dar yanajaa, magari yanapandana kwenda Marangu, Uru na Rombo, mbuzi wanachinjwa, mbege, ile pombe ya ndizi, inazunguka. Ni desturi nzuri na natamani idumu. Lakini imetulemaza kidogo: tumeanza kuamini uhusiano unaweza kulala miezi kumi na moja halafu ukaamshwa kwa wiki moja.

Chuo Kikuu cha Harvard kina utafiti ulioanza mwaka 1938, ukiwafuata wanaume 724, baadhi wanafunzi wa chuo hicho, wengine vijana wa mitaa ya watu wa hali ya chini Boston, kwa maisha yao yote. Robert Waldinger, anayeuongoza, amekuwa akieleza jambo lililojitokeza kwa nguvu kuliko mengine: ubora wa uhusiano na watu ndio uliotabiri afya na furaha ya uzeeni. Walioridhika zaidi na uhusiano wao wakiwa na miaka 50 ndio waliokuwa na afya njema zaidi wakiwa na 80, na jambo hilo lilitabiri vizuri kuliko kiwango cha kolesteroli, yaani mafuta kwenye damu.

Wazee wetu walilijenga hili ndani ya ratiba. Ukifika wakati wa kusafisha mfongo, mfereji unaoleta maji vihambani kwenye mashamba ya ukoo, kila nyumba inatoa mtu na jembe lake. Wanaingia kwenye tope mpaka magotini, wanatoa majani na mawe, wanapashana habari za nani anaumwa na ng'ombe wa nani amezaa. Asiyetokea anaulizwa, na kabla ya jua kuzama mtu atapita kwake kujua kuna nini. Sasa mchukue kijana huyohuyo umweke kwenye chumba cha kupanga Soweto au Rau. Anaweza kukaa siku tatu ndani bila mtu kugonga. Kilichopungua hapo ni watu wanaomtegemea atokee.

Mjini inabidi uujenge mzunguko huo wa watu mwenyewe. Kikoba kinachokutana kila Jumapili, kwaya, timu ya mpira ya mtaa, jumuiya ndogo ndogo, darasa la madrasa. Hata salamu za kupita zina kazi yake: utafiti uliotolewa 2014 na Gillian Sandstrom na Elizabeth Dunn ulionyesha kwamba mazungumzo na watu tunaofahamiana nao juu juu tu huongeza furaha na hisia ya kuwa sehemu ya watu. Mangi wa dukani anayejua unanunua mkate wa aina gani yumo kwenye hesabu hiyo.

"Asiye na furaha hana shukrani, au imani yake ni haba"

Hii ndiyo inayonitia uchungu kuliko zote, kwa sababu inaua. Sonona ni ugonjwa. Mtu akikaa wiki mbili au zaidi na huzuni isiyoondoka, au hamu imekatika hata kwa vitu alivyovipenda, usingizi umeharibika, chakula hakipiti, anajilaumu kwa kila kitu na kuanza kuwaza kifo, huyo hajakosa shukrani. Anaumwa, kama mwenye kisukari anavyoumwa, na yapo matibabu ya ushauri nasaha na ya dawa yanayosaidia. Amuombee mchungaji, padri au shehe, ni vizuri, na aende hospitali pia. Kwa hapa Moshi aanzie Mawenzi au KCMC.

Ukiwa jirani au ndugu yake, usimwambie ajikaze. Mwulize analala vipi na mara ya mwisho alikula nini. Wanaume hasa hawatasema neno "huzuni". Watasema kichwa kinauma, mwili umechoka, au watazidisha pombe. Mwulize wazi kama amewaza kujiua. Kumwuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akikubali, asiachwe peke yake, dawa za shambani na kamba viondolewe karibu naye, na apelekwe idara ya dharura siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.