Je, wajua? Kiongozi wa chama kilichowasakama Wayahudi alikuwa Myahudi bila kujua

Mwaka 2012 Hungaria ilishuhudia kioja. Csanád Szegedi, mbunge wa Bunge la Ulaya kwa tiketi ya Jobbik, chama cha mrengo mkali wa kulia kilichowasakama Wayahudi na Waroma (jamii ya wachache inayobaguliwa Ulaya, si watu wa Roma), alikiri kwamba bibi yake mzaa mama ni Myahudi aliyenusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Kwa sheria ya Kiyahudi nasaba hufuata mama. Basi naye ni Myahudi, tena si wa nusunusu.

Ilikuwaje asijue? Alizaliwa Miskolc mwaka 1982, akalelewa Kikristo. Lakini rudi nyuma hadi 1944: kuanzia katikati ya Mei, ndani ya wiki nane hivi, Wayahudi zaidi ya 430,000 walipakiwa kwenye mabehewa, wengi wao wakapelekwa Auschwitz. Na askari waliowapakia walikuwa Wahungaria wenzao. Ukirudi hai kutoka huko, ukakuta majirani ni walewale, utajitangaza? Familia nyingi zilinyamaza. Bibi huyu naye alinyamaza, na namba aliyochanjwa mkononi akaificha.

Mjukuu akakua, akajiunga na Jobbik, akawa makamu mwenyekiti. Mwaka 2007 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Magyar Gárda, kikundi cha vijana wa sare nyeusi kilichoandamana kwenye vijiji vya Waroma. Mahakama ilikipiga marufuku. Julai 2009, siku chache tu baada ya rufaa kugonga mwamba, Szegedi aliingia kikao cha kwanza cha Bunge la Ulaya akiwa amevaa kizibao cha kikundi hicho. Ujeuri gani!

Siri iliibuliwa na mtu aliyewahi kufungwa, aliyemkabili mwaka 2010 akiwa na ushahidi wa ukoo wake na kumrekodi kwa siri. Rekodi ilipovuja, chama kilimtuhumu kwamba alitaka kumhonga mtu huyo anyamaze. Yeye akadai rekodi ilichezewa. Jobbik ikasisitiza kosa ni hongo, si ukoo. Haya, aaminiye na aamini.

Alijivua nyadhifa, akabisha hodi kwa rabi Slomó Köves. Alianza kushika Sabato, akatahiriwa akiwa mtu mzima, akachukua jina la Dovid. Chama kilimtaka aachie pia kiti cha Bunge la Ulaya. Hicho alikikalia hadi 2014.