Kikapu cha Mei hupandwa Agosti

Kila masika wanachama wa shamba letu huniuliza swali lile lile: "Bibi shamba, nyanya ziko wapi?" Jibu fupi ni kwamba nyanya na mvua za Aprili huku Meru hazipatani, na sisi wa kilimo hai hatuna dawa ya kiwandani ya kuzipatanisha. Jibu refu linahitaji mwaka mzima, kwa hiyo nalimwaga hapa nisije nikalirudia tena kwenye simu.

Shamba liko mteremko wa kusini wa Mlima Meru, juu ya barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi. Ni dogo, ekari chache tu ukiondoa migomba. Kaya zinazokula mboga zetu, nyingi za Njiro, Kijenge na Usa River, huchangia gharama za msimu kabla mbegu haijaingia ardhini, kisha kila wiki hupokea kikapu. Hawachagui cha kutia ndani, wanapata kilichoiva. Msimu ukikubali kikapu kinafurika, ukigoma tunagawana hasara. Wajapani walianza mpango wa namna hii miaka ya 1970 wakiuita teikei, na huko Marekani mashamba mawili ya kwanza yaliuanza mwaka 1986, moja Massachusetts na jingine New Hampshire. Aliyewahi kucheza upatu ataelewa haraka, ila huku zamu ni ya kila mtu kila wiki, na hela yako inarudi ikiwa sukumawiki.

Wageni hudhani mwezi mgumu ni Februari, jua likiwa kali. Februari ina mfereji. Maji yanashuka kutoka mlimani, kamati inapanga zamu, na ukikubali kuamka usiku zamu yako inapoangukia usiku, mboga zinakua vizuri sana. Mwezi mgumu ni Mei. Kuanzia katikati ya Machi mvua inanyesha, jani linalala na unyevu na linaamka nao, na kwa ubaridi wa huku hiyo ndiyo hali ambayo bakajani chelewa, wanaouita ukungu sokoni, inaitaka. Nyanya iliyokuwa kijani Jumatatu, ndani ya siku chache majani ni meusi kama yameunguzwa. Kanuni za kilimo hai zinaruhusu dawa za shaba kwa kiwango maalumu. Mimi binafsi sizipendi. Shaba haiozi, inabaki kwenye udongo mwaka baada ya mwaka na kuwaudhi minyoo tunaowabembeleza kwa samadi.

Basi nyanya zinatoka kwenye hesabu, pilipili hoho zinafuata, na kikapu kinabaki majani matupu: mchicha, mnafu, sukumawiki, majani ya maboga. Mama mwenye watoto wanne hawezi kulisha nyumba kwa majani matupu wiki sita mfululizo, hata kama majani yenyewe ni matamu. Ndiyo maana mimi huanza kuupanga mwaka kwa kuutazama Mei, halafu narudi nyuma.

Magimbi huchukua miezi saba hadi kumi na miwili, kwa hiyo tunayapanda Agosti kandokando ya mfereji, mahali ambapo hakuna zao jingine linalokubali miguu kulowa. Maboga yanaingia na mvua za vuli ili yavunwe Februari ganda likiwa gumu. Hapa kuna jambo dogo ambalo vijana wapya shambani hulipuuza: boga hukatwa pamoja na kikonyo chake, urefu wa vidole vinne hivi. Kikonyo kikivunjika, pale palipovunjika ndipo uozo unapoingilia, na boga ambalo lingekaa ghalani hadi Juni linaharibika kabla ya Pasaka. Vitunguu navyo lazima viwe vimekauka shingo kabla ya wingu la kwanza la Machi. Karoti na bitiruti tunazisia Januari, zinang'olewa mvua ikiwa imeshakolea. Ndizi mshare hazina shida, migomba inajijua.

Upande wa majani, mnafu ndio unaotubeba. Tunatumia aina mbili, Nduruma na Olevolosi, zilizotokana na kazi ya watafiti wa World Vegetable Center hapa hapa Arusha. Majani yake ni mapana na uchungu wake ni wa kiasi, jambo linalosaidia kwa wanachama waliokulia pwani. Tunaupanda kwenye matuta yaliyoinuliwa na kutandaza nyasi kavu chini, maana tone la mvua likigonga udongo mtupu linarusha tope hadi chini ya jani, na tope hilo ndilo linaloleta madoa. Kuosha pekee hakutoshi.

Juni inakuja kipupwe. Mlima unajifunika, jua unaweza kulisubiri hadi saa nane mchana, na kila kitu kinakua polepole. Kabichi, liki na njegere zinafurahia. Mimi nafurahia kwa sababu ni msimu wa mboji. Tunapanga tabaka za mabua, samadi ya ng'ombe wa ndani, majivu kidogo na alizeti pori iliyokatwakatwa, ile yenye maua ya njano inayoota kwenye kila ua wa Meru. Majani yake yakikaushwa yana nitrojeni karibu asilimia 3.5, kiasi cha kuiaibisha samadi nyingi. Katikati ya lundo tunachomeka mti mrefu. Baada ya siku kadhaa unauchomoa na kuushika: ukiwa wa moto kiasi cha kuuachia, lundo linafanya kazi, ukiwa mkavu, mwagia maji, ukiwa wa baridi na unanuka, pindua, hewa imekosekana. Kipimajoto ninacho, lakini wenzangu wanauamini mti zaidi na sijaona ukiwadanganya.

Vuli na kiangazi ndiyo zamu ya nyanya, na zamu ya adui yake. Kantangaze aligunduliwa nchini mwaka 2014, Ngarenanyuki, upande wa pili wa mlima huu huu. Ni nondo mdogo wa kijivu. Kiwavi wake anaingia ndani ya jani na kula nyama akiacha ngozi mbili. Chuma jani lenye baka jeupe, lielekeze juani, utamwona humo ndani akiwa hai, na kinyesi chake cheusi kimejikusanya upande mmoja. Kwa sababu yumo ndani, dawa nyingi hazimfikii, na kwa waliozoea kupuliza kila wiki ameshakuwa sugu. Sisi tunategea madume kwa harufu ya jike juu ya beseni la maji yenye sabuni, tunapuliza mwarobaini jioni, na tunachuma majani yaliyoshambuliwa na kuyafungia kwenye mfuko mweusi uliowekwa juani. Kazi ya mikono, ndiyo. Mavuno ni pungufu kuliko ya jirani anayepuliza, na kila Januari nawaambia wanachama hivyo bila kuzunguka.

Kuhusu nembo: tuko kwenye kikundi ambacho wakulima hukaguana wenyewe kwa kufuata kiwango cha kilimo hai cha Afrika Mashariki cha mwaka 2007, na kikundi kikifaulu kinaruhusiwa kutumia nembo ya Kilimohai. Mkaguzi wangu ni mkulima wa kijiji cha pili. Anajua pa kutazama: anaanza na stoo, si na bustani.

Januari ndipo tunapokaa na wanachama na kufungua daftari la matumizi. Mwaka huu mjadala ni mayai. Wanataka mayai kwenye kikapu, na ninawaelewa, Mei ingekuwa nyepesi zaidi. Lakini chakula cha kuku cha dukani kina mahindi na soya ambavyo siwezi kusema vimelimwaje, na kulima chetu kunamaanisha kutoa kipande cha bustani. Nimewapa mahesabu ya njia zote mbili. Waliojiunga mwaka huu wanataka kuku, wa zamani wanataka bustani ibaki, na kura tumeipeleka Septemba.