Gesi Ina Kilo Zake: Dhana Potofu Kuhusu Makala, Mazuku na Mizani

Dhana: Makala (makaa ya miti) yakishaungua, uzito wake umekwisha.

Gunia zima la makala linaingia jikoni hapa Goma, mashariki mwa Kongo, na mwishowe linaacha majivu ya karai moja. Ndiyo maana hata mwanafunzi aliyeikariri kanuni ya mwanakemia Lavoisier ya mwaka 1789, kwamba vitu vikibadilika uzito wake wote haupotei, bado anaamini moyoni kwamba moto hula vitu. Ukweli ni kwamba kaboni ya makala huungana na oksijeni ya hewa: gramu 12 za kaboni huchukua gramu 32 za oksijeni, zinatoka gramu 44 za kaboni dayoksaidi. Kwa hesabu hiyo, kilo 1 ya kaboni tupu hutoa gesi ya kilo 3.7 hivi, nzito kuliko kilichochomwa, kwa sababu hewa nayo imechangia. Majivu ni yale madini yasiyoungua tu. Na makala yaliyokolea, hata bila moshi, bado yanatoa gesi; chumba kikifungwa, hujikusanya monoksaidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini.

Dhana: Gesi haina uzito.

Hii inaniuma zaidi, maana kwetu inagharimu roho za watu. Mazuku ni kaboni dayoksaidi ileile, safari hii ikitoka ardhini, kwenye mawe ya volkano kati ya Goma na Sake. Uzito wake ni karibu mara 1.5 ya ule wa hewa, kwa hiyo hutuama mashimoni, hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujaanza. Mbuzi na mtoto mdogo huanguka kwanza, kwa kuwa vichwa vyao viko chini.

Dhana: Ukifunga puto kwenye chupa na mizani bado ikashuka, kanuni imevunjika.

Bikarbonati (soda ya kupikia) na siki zikichanganywa hutoa kaboni dayoksaidi. Kwenye chupa wazi jaribio hilo halimsumbui mtu: gesi imeondoka, mizani imeshuka. Taabu huanza mwalimu anapofunga puto mdomoni mwa chupa ili gesi isitoke, kisha mizani inayopima hata gramu moja inashuka tena. Wengi husema puto linavuja, na somo linaishia hapo. Huenda kweli linavuja. Lakini hata lisipovuja, puto linapovimba hewa iliyolizunguka huliinua, kama ziwa linavyomwinua muogeleaji. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na huku lita 1 ya hewa ina gramu 1 hivi. Puto likivimba lita 2, mizani inasoma pungufu gramu 2, ingawa ndani hakijatoka chochote. Naona ni vibaya kumwonyesha mtoto jaribio hilo bila kumweleza jambo hili, kwani ataamini macho yake na kuiacha kanuni.

Afadhali utumie chupa ngumu ya soda ya lita 1.5, ambayo haivimbi. Mimina mililita 100 za siki, fungia gramu 5 za bikarbonati katika karatasi laini, zitumbukize, kaza kifuniko upesi, kisha weka chupa kwenye mizani. Usizidishe vipimo, chupa isije ikapasuka. Povu litapanda na chupa itakuwa ngumu mkononi, lakini namba haisogei. Sasa legeza kifuniko taratibu: gesi itatoka kwa kishindo kidogo, na mizani itashuka zaidi ya gramu 1.