Mahabusu, dhamana na upekuzi: yanayosemwa vijiweni Tanga na sheria inavyosema

"Saa 24 zikipita, polisi lazima wamwachie."

Si hivyo moja kwa moja. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai (Sura ya 20) inasema aliyekamatwa bila hati ya kukamata, ikiwa haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo amwachie kwa dhamana, isipokuwa kosa likionekana zito. Makosa ya adhabu ya kifo hayamo humo. Tatizo ni kwamba anayepima uzito wa kosa ni polisi mwenyewe. Kwa hiyo ndugu waulize mapema: anatuhumiwa kosa gani, na alikamatwa saa ngapi? Mahojiano nayo yana muda wake, saa 4 za awali, na muda wa kumsafirisha hadi kituoni hauhesabiwi.

"Dhamana ya polisi inalipiwa."

Hailipiwi hata senti. Mdhamini anasaini ahadi ya kiasi fulani, na atadaiwa hicho kiasi mtuhumiwa akitoroka. Kinachokwamisha wengi ni barua ya serikali ya mtaa ya kumtambulisha mdhamini: mtu akikamatwa Ijumaa jioni Ngamiani, ofisi ya mtendaji hufunguliwa Jumatatu. Mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha havina dhamana.

"Mume akikosekana, mke anaweza kushikiliwa badala yake."

Hakuna sheria ya namna hiyo.

"DC anamweka ndani yeyote aliyemjibu vibaya mkutanoni."

Mkuu wa wilaya (DC) mamlaka anayo, chini ya Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, lakini ni finyu kuliko inavyotumika. Lazima amani iwe hatarini na pasiwe na njia nyingine ya kuzuia, au kosa litendeke mbele yake au ajue kwa hakika kuwa mtu huyo amelitenda. Aandike sababu, na mtu asikae zaidi ya saa 48. Kumbishia kiongozi kuhusu kiwanja si uvunjifu wa amani.

"Polisi wakishaingia ndani, wanabeba wanachotaka."

Hapa ndipo kesi nyingi huharibika, kwa pande zote mbili. Hati ya upekuzi kwa kawaida hutumika kati ya macheo na machweo. Kuitumia usiku kunahitaji ruhusa ya mahakama. Upekuzi wa dharura bila hati upo kisheria, ila si kila haraka ni dharura. Kila kilichochukuliwa kiandikiwe risiti palepale, mwenye nyumba na mashahidi wasaini. Mahakama ya Rufani imewahi kukataa vielelezo kwa kukosa risiti, ingawa mara nyingine imeridhika na ushahidi mwingine.

Usisaini fomu yenye nafasi tupu. Mvuvi akichukuliwa mashine ya boti, "mashine 1" haitoshi: iandikwe aina, nguvu na namba iliyogongwa kwenye injini, maana baadaye itabishaniwa kama ndiyo ile.