Je, juisi ya rozela huongeza damu?

Wengi wanaamini kwamba rozela, yaani choya, huongeza damu kwa sababu juisi yake ni nyekundu. Mjamzito au mgonjwa aliyepungukiwa damu hushauriwa anywe glasi kila siku.

Wekundu huo ni rangi ya mmea iitwayo anthosiani. Jaribu: tia chembe za magadi kwenye glasi, juisi itageuka samawati iliyofifia au kijivujivu, kamua ndimu, wekundu utarudi. Damu ni nyekundu kwa sababu ya himoglobini, yenye madini ya chuma. Chuma kilichomo kwenye juisi ni kidogo, na tanini zake (viambata vya mmea vyenye ukakasi) hupunguza ufyonzwaji wa chuma cha chakula ukiinywa pamoja na mlo, jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Anayetaka kujua kama damu imepungua apime himoglobini: mjamzito akiwa chini ya gramu 11 kwa desilita kwa kawaida huhesabiwa ana upungufu wa damu, na juisi haichukui nafasi ya kidonge cha chuma.

Kama kinywaji, ni kitamu. Kinachotumika si petali bali vile vikombe vyekundu vinene vinavyofunika tunda. Suuza mchanga, chemsha gramu 20 kwa lita 1 ya maji pamoja na tangawizi dakika 10, chuja, sukari mwishoni. Tumia sufuria ya chuma cha pua. Asidi yake hula aluminiamu. Rozela hushusha presha kidogo, kwa hiyo anayemeza dawa za presha amuulize daktari kwanza, na mjamzito vilevile.